Bomba lilitangulia, mpira wa matone ukafuata

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili limenikaa rohoni wiki nzima. Ile makala yenu ya ukurasa wa kilimo, ya mwandishi aliyesema Waisraeli wanalima jangwani wakati sisi tuna mvua na mito tumelala, niliisomea kwa kinyozi, na kila mtu aliyekuwa pale kwenye benchi anasikitika na kutikisa kichwa, "kweli bana Mwafrika mvivu", mi kimya, nywele zimenyolewa nusu siwezi hata kuinuka nikabishana vizuri. Nimefika nyumbani nikasema hapana, ngoja niandike, kwa sababu hilo jangwa analolisema mi nimelala huko miezi 11, sio kwa kusimuliwa.

Mimi ni mkulima wa zabibu na nyanya kidogo, nje ya mji wa Dodoma. Oktoba 2021 nilienda Israel na vijana wenzangu kwa yale mafunzo ya vitendo, unasoma siku moja kwa wiki siku zinazobaki unafanya kazi shambani. Wenzangu wengi walipelekwa kule chini bonde la Arava, mi nikaangukia kijiji cha watu wa dini kaskazini magharibi ya Negev, ndo hilo jangwa la kusini mwa Israel, jirani na mji wa Netivot, ukisimama juu ya tuta jioni unaona taa za Gaza. Jina la kijiji sitaji, watu walionipokea ni watu wa kawaida tu hawakuomba kuandikwa gazetini. Ni moshav. Huku kwetu watu wakisikia Israel wanajua kibbutz tu, kile kijiji cha mali zote za pamoja, kumbe moshav ni kitu kingine, kila familia ina nyumba yake na shamba lake na mfuko wake, ila mashamba yaligawiwa sawa kwa sawa, ardhi ni ya serikali we unakodi, na kununua mbolea na kuuza mazao mlikuwa mnafanya pamoja kama ushirika wetu wa Amcos.

Na jangwa lenyewe usifikirie yale ya kwenye kalenda, ngamia na matuta ya mchanga. Udongo wa pale ni vumbi laini kama unga wa muhogo, rangi ya njano njano, ukikanyaga kiangazi linapanda mpaka puani, afu mvua ikipiga mara ya kwanza uso wa ardhi unafunga kama umesakafiwa, maji yanakimbia yote yanaenda kwenye makorongo na chini hamna kitu. Beersheba, ndo mji mkubwa wa hapo, inapata kama milimita 200 za mvua kwa mwaka. Dodoma yetu tunayoilalamikia kila siku inapata zaidi ya 500. Kwahiyo hapo mwandishi wako yuko sahihi kabisa, sisi tuna mvua kuliko wao. Ila hesabu yake imeishia hapo na yangu ndo inaanzia hapo.

Mwenye shamba nililofanyia kazi alikuwa na baba yake, mzee wa karibu miaka 80, wajukuu wanamwita Saba na mimi nikamwita hivyo hivyo. Saba kwa Kiebrania ni babu. Na saba yetu ya kuhesabu kwao ni sheva, tisa yetu ni tesha, sasa siku za kwanza nilikuwa nachanganyikiwa, naambiwa lete masanduku sheva nasikia shevu. Saba alizaliwa Tripoli, Libya, na Kiarabu cha kwao hajakisahau mpaka leo, akigombana na mkewe ndo kinatoka chote. Siku tuliyogundua kwamba maneno yetu yanafanana tulikaa kibarazani tukahesabu, sukari, sabuni, kahawa, dunia, wakati, kitabu, anasema lake nasema langu anacheka mpaka anakohoa. Neno lililomfurahisha zaidi ni taabani. Kwao ta'ban ni mtu aliyechoka, basi kila jioni nikipita na toroli ananiita toka mbali, "Taabani?" namjibu "hoi taabani, Saba."

Huyu mzee ndo aliyenifungua macho. Wayahudi wa Libya wengi walikuwa watu wa mjini, wafua fedha, washona nguo, wauza viungo na vitambaa, shamba walikuwa wanalisoma kwenye Torati. Novemba 1945 kulitokea vurugu kubwa Tripoli, Wayahudi zaidi ya 130 waliuawa, na nchi ilikuwa chini ya Mwingereza wakati huo. Toka 1949 mpaka Libya inapata uhuru mwisho wa 1951, zaidi ya watu 30,000 walipanda meli wakaondoka, karibu jamii nzima, miaka isiyofika mitatu watu waliokaa pale enzi na enzi wameisha. Saba alikuwa mtoto. Anasema baba yake alikuwa na duka la vitambaa, walishuka melini Haifa, wakakaa kambini kwenye mahema, afu siku moja wakapakiwa kwenye lori na magodoro na sufuria wakaambiwa mnaenda kijijini kwenu. Wakafika usiku. Dereva akafungua nyuma, kuna vibanda vya bati na taa ya chemli moja, mbweha wanalia. Mama yake akagoma kushuka. Akakaa ndani ya lori na vifurushi vyake mpaka asubuhi, na kulipokucha akaona vizuri pale alipoletwa ndo akagoma zaidi. Na sio yeye peke yake, hizi habari za wahamiaji kugoma kushuka kwenye malori ziko vijiji vingi vya kusini kule, wengine waliahidiwa mjini wakajikuta porini. Kwahiyo ile picha ya waanzilishi wanashuka wanaimba na majembe begani, kwa wengine ilikuwepo, kwa mama yake Saba haikuwepo.

Nilimuuliza, sasa mlijuaje kulima? Akasema hatukujua. Baba yake alipanda karanga ya kwanza akaenda kila siku kufukua aone kama zimeota, zikafa zote. Ila serikali na Shirika la Kiyahudi, lile la kushughulikia wahamiaji, waliwapa mtu, wanamwita madrich, mwalimu wa kilimo, na huyu alikuwa analala kijijini. Sikia hapo Mhariri, analala kijijini! Sio anakuja na pikipiki mara moja kwa msimu kusaini kitabu. Walikuwa wanagombana naye, kijana wa kizungu kaptula fupi asiyejua hata namna ya kumsalimia mtu mzima, anawapangia wazee cha kupanda na wengine wanasema walimu hao waliwadharau sana, hilo Saba halifichi na akilisema uso unabadilika. Lakini karanga ikiugua saa kumi na mbili asubuhi mtu wa kuuliza yupo nyumba ya tatu.

Siku moja ya mapumziko tulipelekwa kijiji kingine, Nevatim, mashariki ya Beersheba, jina maana yake machipukizi. Hiki kilianzishwa 1946, kwenye ule usiku mmoja Wayahudi walipoweka vijiji 11 Negev kwa mkupuo, waanzilishi wake hawakudumu, na miaka ya 50 wakaletwa Wayahudi kutoka Cochin, India, Kerala kule. Mi nikawaza, hawa si ni watu wa bahari yetu hii hii, pepo za kaskazi zilizokuwa zinaleta majahazi Zanzibar ndo zinatoka pwani ile ile ya Malabar. Kerala ni minazi na mvua za kutisha, kule kuna mwezi mmoja tu unanyesha kuliko Beersheba mwaka mzima, sasa mtu anatolewa pale anawekwa hapa. Wana sinagogi lao na makumbusho yao ya Cochin, na ukitoka mlangoni ni jua na vumbi lile lile la unga wa muhogo. Wafanyabiashara na wao wengi wao. Wakajifunza mboga na maua.

Sasa tuje kwenye kile kinachonikera. Mwandishi wako anasema siri ya Israel ni umwagiliaji wa matone, ile mipira inayodondoshea kila mche maji kidogo kidogo. Amemtaja mpaka Simcha Blass, yule injinia, na kampuni ya Netafim iliyoanza 1965 kwenye kibbutz ya Hatzerim, hapo hapo Negev. Sawa, hakukosea. Ila hajauliza huyo Blass alikuwa anafanya nini kabla. Blass ndo aliyepanga bomba la kwanza la maji kwenda Negev mwaka 1947, la inchi 6, kutoka visima vya Nir Am, na mabomba yenyewe yalinunuliwa London, yalikuwa ya kuzimia moto wakati wa vita kuu ya pili. Mwaka 1955 likafuata bomba kubwa kutoka chemchemi za mto Yarkon mpaka Negev, na 1964 ule mfereji mkuu wa taifa unaotoa maji Ziwa Galilaya kaskazini kabisa kuyaleta kusini. Hesabu mwenyewe. Bomba 1947, kiwanda cha mipira ya matone 1965. Miaka 18, na mtu ni yule yule mmoja! Mpira wa matone uligunduliwa kuokoa maji ambayo yalishafika shambani. Haukuyaleta.

Siku hizi mengi ya maji ya kulimia pale ni maji taka ya Tel Aviv na miji ya jirani yaliyosafishwa, yanapita kwenye kiwanda kinaitwa Shafdan, yanazamishwa kwenye mchanga yanachuja, yanavutwa tena yanapelekwa Negev kwa bomba lake. Nchi nzima wanarudisha shambani zaidi ya asilimia 80 ya maji yao taka. Koki na mabomba yake yanapakwa zambarau ili mtu asije akanywa, na siku ya kwanza mi nilitaka kunawa uso kwenye zambarau, nikapigiwa kelele na Mthai mmoja, kibarua kutoka Thailand, kwa lugha ambayo sikuijua ila nilielewa.

Shambani kwenyewe palikuwa na kabati dogo la kompyuta pembeni ya grinihausi, linaamua saa ngapi lifungue maji, dakika ngapi, mbolea kiasi gani. Na hapa ndo dini inaingia, maana watu wa kule wanashika Sabato kwelikweli. Ijumaa mchana kila kitu kinapangwa kwenye taima, jua likikaribia kuzama king'ora kinalia toka Netivot, na basi, simu zimezimwa, trekta imelala, kijiji kizima unasikia vijiko tu na watu wanaimba mezani. Chakula mamaa, kuna kitu wanaita mafrum, kiazi kinapasuliwa katikati kinajazwa nyama ya kusaga kinakaangwa afu kinapikwa tena kwenye mchuzi mwekundu, na samaki wa pilipili wanaita hraime. Mke wa Saba alikuwa ananiwekea sahani yangu kila Ijumaa bila kuuliza.

Jumamosi moja, kama saa nne asubuhi, mpira mkuu ulipasuka pale kwenye kiungio karibu na njia. Maji yanaruka juu kama ya zimamoto. Wao hawaruhusiwi kugusa, na hawaruhusiwi hata kuniagiza mimi nisiye Myahudi nikawafanyie, nayo ni kazi vilevile. Saba katoka sinagogi na suti yake nyeupe, kasimama barabarani, kaangalia maji, kaniangalia mimi niliyekuwa nimekaa na uji wangu, akasema taratibu kama anaongea na hewa, "Leo maji ni mengi sana pale." Akanyamaza. Nikamwangalia. Akarudia, "Mengi kweli." Afu akaondoka zake polepole mikono nyuma hajageuka hata mara moja. Nikaenda nikafunga koki. Kumbe ndo inavyofanyika, kusema jambo lilivyo inaruhusiwa, kuagiza ndo hairuhusiwi. Jioni nyota zilipotoka akaja na chupa ya soda akaniuliza, "Taabani?"

Na nilifika mwaka wa ajabu. Torati inasema lima miaka 6, wa 7 ardhi ipumzike, wanaita shmita, na ile iliyoanza Septemba 2021 nilikaa nayo karibu yote mpaka naondoka. Hupandi, hupalilii, huchumi kama mwenye mali, na kinachoota chenyewe kinakuwa cha wote, geti linaachwa wazi. Sasa we mkulima wa biashara una mkopo benki unafanyaje? Nilidhani watakuwa na jibu moja, nikakuta kijiji kimoja kina majibu manne na ugomvi juu yake. Kuna waliosaini karatasi ya marabi wa serikali, ardhi inauzwa kwa mwaka mmoja kwa mtu asiye Myahudi afu kazi inaendelea, ujanja uliobuniwa toka karne ya 19 wakati wakulima wa kwanza wanakaribia kufa njaa. Kuna wanaosema huo ni utani kwa Mungu. Kuna waliolima kwenye grinihausi, mimea imewekwa kwenye mifuko na chini imetandikwa nailoni ili isiguse ardhi ya nchi, bosi wangu alikuwa hao, ndo maana nyanya zilikuwepo na mgongo wangu ulikuwepo. Na kuna Saba, ambaye limau na michungwa yake michache na kile kishamba cha mizabibu nyuma ya nyumba alikataa kabisa kukigusa. Mizabibu ikawa inajiachia inavyotaka. Mhariri, mi mtu wa Dodoma, mzabibu usiokatwa matawi kwa wakati wake unaniuma kama jino. Nilimwambia Saba nipe mkasi nikusaidie mimi sina shmita. Akasema wewe huna, ardhi ndo ina shmita.

Mezani siku hiyo akasimulia habari ya kijiji cha Komemiyut, kaskazini kidogo, cha watu wa dini kali walioanza 1950, kwamba shmita yao ya kwanza waliishika kamili, mwaka ulipoisha hawana mbegu, wakapewa na kibbutz jirani mbegu za ngano zilizoliwa na wadudu, wakapanda wamechelewa, mvua nayo mwaka huo ikachelewa, za waliowahi kupanda zote zikaharibika, za hawa zikaota. Sijui. Mkulima yeyote ana hadithi moja ya namna hiyo, hata huku kijijini kwetu ipo ya mtama. Lakini niliona yeye anaiamini, na niliona machungwa yake yanaokotwa na watoto wa Netivot kwa mifuko ya rambo na yeye kakaa kwenye kiti anawaonyesha mti wenye matamu.

Mengine ya dini nilikuwa nayaona kazini tu. Mti ukipandwa matunda ya miaka 3 ya kwanza hayaliwi, yanaachwa yaanguke. Kabla mzigo haujatoka kuna sehemu kidogo, zaidi kidogo ya moja kwa mia, inatengwa na kufungwa na kutupwa kwa heshima, kwa sababu ni sehemu ya makuhani na hekalu halipo. Sikuelewa yote na sikulazimishwa kuelewa.

Lakini usifikirie naleta barua ya kuwasifia. Ushirika wao ule wa kudhaminiana ulikuja kuwaua. Miaka ya 80 mfumuko wa bei Israel ulifika mamia ya asilimia kwa mwaka, mikopo ikawa inachukuliwa tu, 1985 serikali ikabana ghafla, riba ikapaa, na kwa vile kila mtu alikuwa mdhamini wa mwenzake, mwenye deni dogo akajikuta anabeba la jirani aliyenunua trekta mbili. Mavyama makubwa ya kununua na kuuza yakaanguka moja baada ya jingine. Ilibidi bunge lao litunge sheria 1992, wanaiita sheria ya Gal, kukata na kupanga upya madeni ya vijiji. Saba anasema miaka ile watu walikuwa hawasalimiani sinagogi, mtu na jirani yake toka utoto. Wengi waliacha kulima hapo hapo, wakawa walimu, madereva, na mpaka leo kijiji cha nyumba nyingi wanaolima hasa ni wachache, wamekodi za wenzao, na mikono ni ya Wathai. Tena na sisi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikundi cha mkopo cha kudhaminiana hapa nchini anaelewa hii habari bila mkalimani.

Na kuna jingine ambalo makala haikuligusa kabisa. Ile ardhi haikuwa tupu. Kabla ya vita ya 1948 Negev walikuwepo Mabedui makumi ya maelfu, wanachunga na kulima shayiri kwenye mvua ile ile ya shida, na baada ya vita walibaki kama 11,000 tu, waliobaki nao wakakusanywa eneo moja. Siku tunaenda Nevatim tulipita vijiji vyao ambavyo serikali haivitambui, mabati, na matangi ya maji yanavutwa na pikapu, wakati bomba kuu linapita sio mbali. Nilimuuliza mwalimu wetu kwenye basi mbona hawa hawajaunganishiwa, akasema ni mambo ya sheria za mipango miji, akawasha maiki akaendelea na habari ya biringanya. Kwahiyo bomba linaenda kwa yule ambaye serikali imeamua akae, na hili nalo ni funzo kama mnataka mafunzo.

Sisi wenyewe pia tulichoahidiwa na tulichokikuta vilipishana. Karatasi zilisema mwanafunzi, kazi ilikuwa masaa 9 mpaka 10 kwa siku kupanga nyanya, na wakala aliyetupeleka, simtaji, alikata ada hii na ile mpaka nilivyorudi akiba yangu ilitosha pampu moja na robo tatu ya mabati. Agosti 2022 makombora yalianza, siku tatu tunaingia na kutoka kwenye vile vibanda vya zege, Saba hataki kukimbia anasema magoti yake yamestaafu. Mwaka uliofuata, Oktoba 7, Hamas wanavamia vijiji vile kutoka Gaza, mimi niko Dodoma, simu ya kina Saba haipokelewi siku mbili, na siku yenyewe ilikuwa Sabato na sikukuu. Walipona. Vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokuwa wamefika wiki chache tu kabla, mmoja kibbutz ya Nir Oz mwingine Nahal Oz, hawakupona, walienda kujifunza kilimo kama mimi, na mwili wa mmoja umerudishwa 2025, miaka miwili wazazi wanasubiri. Na ng'ambo ya uzio, kule kulikokuwa na zile taa nilizokuwa naziona jioni, wamekufa watu makumi ya maelfu. Sina la kuongeza hapo. Nilikuwa naziona zile taa kila siku.

Narudi kwa mwandishi wako. Kijijini kwetu mradi ulikuja miaka michache iliyopita, sitaji wa nani, wakatuletea seti za mipira ya matone za kisasa kabisa, semina siku mbili, fulana na soda, tukapigwa picha. Simtanki la lita 10,000 juu ya nguzo. Kisima kilichochimbwa kikatoa maji ya chumvi miezi minne kikakauka, mtaalam alikuja mara moja akasema atarudi. Mipira ile leo tunafungia mageti na kina mama wanaanikia nguo, na kila gazeti likiandika mkulima wa Kitanzania hataki kubadilika mi naangalia ile kamba ya nguo. Mwaka ule ule hatukuwa wavivu, tulikuwa tunasomba maji kwa punda kilomita 4 kuokoa miche.

Kwahiyo mwambie mwandishi wako akitaka kuandika tena habari za jangwa aanze na swali la maji yametoka wapi, nani alilipa bomba, bwana shamba alilala wapi, na mwaka wa mavuno mabaya deni lilibebwa na nani. Akitaka kuja kwetu namkaribisha, nitamwonyesha mizabibu niliyopanda niliporudi, ina miaka mitatu sasa. Saba aliniandikia ujumbe kupitia mjukuu wake kuuliza kama nimekula zabibu za miaka ya kwanza. Nimekula zote, Mhariri, na nyingine nimeuza, sijamjibu mpaka leo.

Wako,
Mkulima wa zabibu,
Dodoma